Siku ya kwanza Mombasa maziwa yalitukatikia mara tatu. Sababu ni nini?

#1 BabaNasri
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu kwa jambo ambalo kwa nje ni dogo, ila ndani ya nyumba yangu limekuwa kubwa.

Sisi ni watu wa Lushoto, Tanzania. Mimi ni fundi wa majokofu. Nimepata kazi hapa Mombasa, tumehama mimi, mke wangu na watoto watatu. Tulivuka Horohoro asubuhi mapema, tukaingia Lunga Lunga, na adhuhuri tukawa Likoni tunasubiri feri na magodoro mawili, masufuria, gunia la pea na mfuko wa majani ya chai ya kwetu. Watoto walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Mdogo, ana miaka minne, aliishika sketi ya mama yake mpaka tukafika ng'ambo.

Nyumba ni chumba na sebule ndani ya nyumba ya Kiswahili, Majengo. Uani kuna kisima. Mke wangu alisema kabla ya kufungua mzigo wowote tunywe chai ya maziwa, ndipo nyumba itakuwa yetu. Bibi wa chumba cha mbele alitukaribisha vizuri, akampa na kipande cha tangawizi mbichi, lakini akamwambia maji ya chai akateke mferejini. Hilo lilimuuma sana mke wangu, maana nje kweli kuna mfereji na yanayopita humo ni maji machafu. Akateka kisimani, akawasha jiko la makaa, akabandika. Maziwa yakakatika. Nikaenda kununua maji ya chupa, akapika tena kwa maziwa yaliyobaki, yakakatika. Jioni nikaleta pakiti mpya, yakakatika mara ya tatu. Watoto walilala kwa mkate na maji, na yule mdogo akauliza, "Baba, tunarudi lini?" Mke wangu alilia usiku ule.

Leo ni wiki ya sita. Hajapika tena chai ya maziwa. Anasema nchi imetukataa siku ya kwanza tu. Nataka nimpe sababu iliyo sahihi, si maneno ya kumtuliza. Ni nini kinakata maziwa namna hii?

#2 FundiBomba
Karibu Mombasa ndugu. Jibu ni kisima. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na bahari imetuzunguka pande zote. Maji ya visima vingi huku yana chumvi, na juu ya chumvi yana chokaa. Maziwa yakichemka ndani ya maji kama hayo huweza kukatika upesi, hasa kama hayakuwa mapya sana. Jaribu kufua kwa maji hayo hayo, utaona sabuni inavyogoma kutoa povu.

#3 Kitasa_wa_Kuze
Fundi, mimi nimezaliwa Kuze hapa Mombasa, nimekulia kwenye nyumba yenye kisima. Bibi yangu alipika chai ya maziwa asubuhi na jioni mpaka Mungu alipomchukua, na sikuwahi kuona maziwa yamekatika. Halafu hukusoma vizuri. Mara ya pili walitumia maji ya chupa. Hapo kisima kimeingiaje?

#4 Mwalimu_wa_Upishi
Kitasa amesema kweli kuhusu maji ya chupa. Mimi nauliza habari ya tangawizi. Mama alizoea kuitia kule Lushoto?

#5 BabaNasri
Asanteni. Hapana Mwalimu, sisi kwetu tunatia mchaichai. Tangawizi ile alipewa, akaona ni adabu kuitumia. Aliiponda akaitia kwenye maziwa yakiwa bado hayajapata moto.

#6 Mwalimu_wa_Upishi
Basi nadhani nimeipata. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Wachina wana kitindamlo kinachopikwa hivyo kwa makusudi: maziwa ya moto yanamiminwa juu ya maji ya tangawizi, yanaganda, yanaliwa kwa kijiko. Kimeng'enya hicho hufanya kazi sana maziwa yanapokuwa na joto kama nyuzi 60 hadi 70, na moto wa kuchemka hukiua. Jiko la makaa linapasha polepole, kwa hiyo maziwa yalikaa muda mrefu kwenye joto lile lile lisilotakiwa. Dawa yake ni kuchemsha tangawizi na maji kwanza, ichemke barabara, ndipo maziwa yafuate.

#7 Bi_Tatu
Wanangu, mwasema kisima, mwasema tangawizi, na hapana hata mmoja aliyeuliza nyumba ilifukizwa? Hapa kwetu huingii nyumba ngeni ukabandika sufuria tu. Wachoma ubani, wasoma Yasini, watoa sadaka hata ya mkate, ndipo wapika. Chumba kile chaweza kuwa kilikaa kitupu miezi. Mwanangu Baba Nasri, mwambie mkeo nchi haikumkataa. Nyumba ilikuwa yangoja kubishiwa hodi.

#8 Mpare_wa_Same
Mkuu, kuna jambo jingine. Lushoto iko juu, kama mita 1,400. Huko maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95. Mombasa ni usawa wa bahari, yanachemka kwenye 100. Mke wako mkono wake umezoea moto wa mlimani, anaacha maziwa jikoni muda ule ule, lakini huku yanaungua zaidi. Mimi nilipohamia pwani wali uliniivia vibaya mwezi mzima.

#9 FundiBomba
Mpare, wali nakubali. Lakini nyuzi tano hazikati maziwa. Mombasa nzima tungekuwa tunakunywa turungi tu.

#10 MwanaMajengo
Samahanini, narudi kwenye bandiko namba 1, maana naona watu wote wamelipita. Baba Nasri, yule bibi alimwambia mkeo ateke maji "mferejini"?

Ndugu yangu, Mombasa mfereji ndio bomba. Maji ya mfereji ni yale yanayokuja kwa paipu, maji matamu, tunayoyawekea akiba ya chai na kunywa. Ya kisima ni ya kufulia, kuoshea vyombo na chooni. Ule mnaouita mfereji nyinyi sisi twauita mtaro. Bibi hakumtukana. Alimwambia mkeo asipikie maji ya chumvi, akatumie yale mazuri. Angalia upande wa nje wa nyumba, karibu na geti, kama hakuna mfereji uliofungwa kufuli. Nyumba nyingi za huku maji yanakuja siku mbili tatu kwa wiki, ndiyo maana hufungwa. Huenda alikuwa anataka kukupa na ufunguo.

#11 Kitasa_wa_Kuze
Subhanallah. Na mimi naongeza kwa faida ya Fundi: umenikumbusha, MwanaMajengo. Bibi yangu kisima alikuwa nacho, lakini chai ilikuwa na mtungi wake wa peke yake, wa maji ya mfereji, umefunikwa kwa kitambaa. Kwa hiyo ushahidi wangu wa namba 3 hauna nguvu niliyodhani.

#12 BabaNasri
MwanaMajengo, nimesoma jibu lako nimesimama. Nimetoka nje na tochi. Ni kweli, nyuma ya geti kuna bomba la kufuli. Wiki sita napita pale.

Mke wangu hajamsalimia yule bibi vizuri tangu siku ile. Anaitikia "shikamoo" za watoto wa bibi tu, kisha anapita. Sijui nianzie wapi kumwambia.

#13 Mpare_wa_Same
Pole mkuu. Haya maneno ndiyo yanayotuponza sisi wa Tanzania tukija Kenya, kwa sababu tunadhani lugha ni moja tumemaliza. Ukienda nchi ya Kifaransa unajiandaa. Huku unaingia ukiwa umelegea. Siku yangu ya kwanza niliuliza pa kununua luku, yaani umeme wa kulipia kabla, muuza duka akanitazama tu. Kumbe huku ni tokeni. Na shilingi nayo ni hivyo hivyo: dereva wa tuktuk aliniambia 200, nikaona ni bei ya bure, kumbe ni kama 4,000 za kwetu.

#14 Mke_wa_Baharia
Msimcheke mama yule. Mimi nimezaliwa Mombasa na nimehamia London na watoto wawili, na siku ya kwanza ilinitoa machozi kwa chai hiyo hiyo. Maji ya London yana chokaa nyingi. Chai ilipopoa ilifanya utando juu kama wa mafuta, na ndani ya birika mkaganda mabaka meupe. Nilidhani shemeji yangu haoshi vyombo vizuri. Nilikaa nikisugua birika lile usiku mzima badala ya kulala. Maji yalikuwa salama, ndivyo yalivyo tu. Lakini huwezi kumwambia hivyo mtu siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila kitu kinasema nawe.

#15 Mtoto_wa_Mwembe_Tayari
Muscat maji mengi ni ya bahari yaliyotolewa chumvi kiwandani. Chai ilikuwa sawa kabisa. Kilichonishangaza ni mzee wa dukani aliyenijibu kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu. Nilikuwa nimejifunza maneno ya Kiarabu wiki nzima.

#16 FundiBomba
Nirudi kwenye maji kidogo. Nadhani watu wa nje hawajui mfereji wetu watoka mbali. Maji ya Mombasa yanatoka Chemchemi za Mzima, kule Tsavo, bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950.

#17 Kaka_wa_Tiwi
Si Mzima peke yake, Fundi. Kuna Baricho kwenye mto Sabaki, kuna Marere kule Shimba Hills, na kuna visima vya Tiwi, kwetu. Yote hayo kwa pamoja na bado hayatoshi, ndiyo maana mikokoteni ya mitungi ya lita 20 haikauki barabarani.

#18 FundiBomba
Nakubali, nilifupisha. Asante.

#19 Binti_Barawa
Salaam. Sisi ni Wabarawa. Nilikuwa na miaka saba tulipoikimbia Somalia mwaka 1991. Tulikuja kwa chombo cha bahari, watu tumebanana, mama amembeba ndugu yangu mchanga kifuani. Tuliposhuka Mombasa, mama alikuwa hana hata kikombe.

Mama mmoja wa hapa alituletea chai ndani ya chupa ya chai ya maua mekundu. Akasema maneno, na mama yangu akageuka kwa haraka kumtazama, kwa sababu aliyaelewa. Sisi twasema Chimini, ni ndugu wa Kiswahili. Si maneno yote, lakini chai ni chai, na kwenye maji tulielewana. Mama akauliza kwa lugha yetu, yule akajibu kwa yake, wakaendelea hivyo mpaka chupa ikaisha.

Nimeandika hivi kwa sababu ya Mama Nasri. Sisi tulikuja na lugha ya mbali kidogo, tukasikiliza kwa makini kila neno, tukasaidika. Yeye amekuja na lugha ile ile, neno moja likampita. Hakuna lawama. Mwambie abishe mlango wa yule bibi.

#20 Mpare_wa_Same
Dada Binti_Barawa, Mungu awajaze kheri wazazi wako.

#21 Njia_Panda
Swali la pembeni: familia ya Tanzania ikihamia Kenya si inapita kwa kitambulisho cha taifa tu? Nilisikia ni Afrika Mashariki moja.

#22 MwanaMajengo
Hapana. Kupita kwa kitambulisho ni makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda, tangu mwaka 2014. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Na abebe kadi ya homa ya manjano ya kila mmoja, watoto pia.

#23 BabaNasri
Ni kweli, kadi waliziuliza. Tulichelewa karibu saa nzima kwa sababu ya mtoto wa kati, yake ilikuwa chini kabisa ya gunia la pea.

Sasa niseme la nyumbani. Jana usiku nilimpa Mama Nasri simu, nikamwambia asome mwenyewe kuanzia mwanzo. Alisoma polepole. Alipofika kwa MwanaMajengo aliweka simu chini, akaichukua tena, akasoma mara ya pili. Halafu amenituma nirekebishe mambo mawili.

Kwanza, maziwa yalikatika mara mbili, si tatu. Ile ya jioni hayakukatika. Aliyamwaga mwenyewe. Anasema chai ilikuwa nzima kabisa, ila mtoto wa kati alionja akasema, "Mama, hii si chai yetu," akashindwa kuitazama ile sufuria. Mimi nilikuwa nje naongea na msimamizi wa nyumba, nikakuta imemwagwa, nikadhani ni yale yale.

Pili, kwa Mwalimu wa Upishi: ile ya jioni haikuwa na tangawizi. Ilikuwa imekwisha.

#24 Mwalimu_wa_Upishi
Basi limebadilika jambo zima! Mbili zenye tangawizi zilikatika, moja isiyo na tangawizi ikasimama. Tena ile ya jioni, maji yalikuwa ya wapi?

#25 BabaNasri
Ya chupa, yalikuwa yamebaki.

#26 FundiBomba
Mwalimu usikimbilie kushangilia. Ile ya jioni ilikuwa na maziwa mapya ya pakiti. Zile mbili za mwanzo ni maziwa gani?

#27 BabaNasri
Ya ATM, yale ya mashine dukani. Nilinunua lita moja tulipofika, nikayabeba kwenye chupa ya plastiki tukitafuta mkokoteni wa mizigo. Kama saa mbili hivi juani.

#28 Kaka_wa_Tiwi
Saa mbili juani Mombasa! Ndugu, wewe ni fundi wa majokofu. Maziwa yalikuwa yamekwisha kuanza kuchacha kabla hayajaona jiko. Hayo yakipata moto yanakatika hata ukiyatia maji ya Zamzam.

#29 Kitasa_wa_Kuze
Mwacheni bwana, alikuwa na watoto watatu na magodoro mawili. Nani angekumbuka maziwa?

#30 Mwalimu_wa_Upishi
Kwa hiyo tunayo mambo matatu kwenye sufuria moja: maziwa ya jua, tangawizi mbichi, na mara ya kwanza maji ya kisima. Kila moja laweza kuwa limechangia. Mimi bado nasimama na tangawizi.

#31 FundiBomba
Nami na kisima, kwa ile ya kwanza.

#32 Bi_Tatu
Na ubani mwautia wapi?

#33 Njia_Panda
Kwani turungi ndiyo nini? Fundi aliitaja namba 9. Kwetu ni chai ya rangi.

#34 Kitasa_wa_Kuze
Turungi au sturungi, chai isiyo na maziwa. Nasikia latokana na neno la Kiingereza la chai kali, Waingereza walipokuwa wakiagiza. Wazee wengine husema mkandaa, kwa wekundu wake, kama maji ya magome ya mkandaa yanayotiwa rangi ngozi.

#35 Mke_wa_Baharia
Baba Nasri, tuache maneno. Mama amekwenda kwa bibi au hajakwenda?

#36 BabaNasri
Amekwenda. Samahani nimekawia kurudi, wiki hii kazi ilikuwa nyingi.

Jumapili asubuhi aliosha pea sita, akazipanga kwenye sahani, akajifunga kanga, akatoka. Mimi nilibaki sebuleni na watoto, mlango wazi. Nilimsikia akisema "Shikamoo bibi," halafu kimya, halafu sauti yake ikakatika katikati ya neno. Bibi akasema, "Ingia mwanangu, usisimame mlangoni." Walikaa humo zaidi ya saa moja.

Bibi hakujua kama alikosewa. Alidhani Mama Nasri ni mgonjwa, ana uzito wa mimba changa, ndiyo maana hataki mazungumzo, na alikuwa amewakataza watoto wa uani wasipige kelele mbele ya mlango wetu. Wiki sita. Alikuwa pia amemwekea ufunguo wa bomba, nisameheni, wa mfereji, umening'inia msumarini karibu na kitanda chake tangu siku tuliyofika.

Jioni ile wakapika pamoja kwenye jiko letu. Bibi alikuja na ubani wake, akaufukiza chumba kwanza, kona zote nne na chini ya kitanda. Maji ya mfereji. Maziwa ya pakiti, yametoka dukani muda huo huo. Maziwa hayakukatika. Mahamri na mbaazi za nazi alileta yeye. Mdogo alikunywa vikombe viwili akalala palepale kwenye mkeka.

#37 Mwalimu_wa_Upishi
Nimefurahi mpaka basi. Lakini Baba Nasri, mmebadilisha maji, maziwa na kufukiza, vyote siku moja. Sasa hatutajua kamwe ni lipi.

#38 Bi_Tatu
Mimi najua.

#39 FundiBomba
Bi Tatu, tukubaliane mfereji nao umefanya kazi yake.

#40 Mwalimu_wa_Upishi
Swali langu la mwisho, tafadhali muulize bibi: tangawizi aliitia kabla ya maziwa au baada?

#41 BabaNasri
Nimemuuliza sasa hivi, yuko hapa uani anachambua mchicha na Mama Nasri. Anasema yeye kwenye chai hatii tangawizi, hutia iliki tu. Ile tangawizi ya siku ya kwanza alimpa kwa ajili ya mchuzi wa samaki.